Dhahabu, Tanzanaiti au Saa: Mwongozo Kamili wa Kumchagulia Mwenza Zawadi ya Thamani

Miaka kadhaa iliyopita nilimnunulia mke wangu mkufu wenye kidani katika duka moja la mjini, nikalipia gramu 14.6 za dhahabu ya karati 18 kama mizani ya muuzaji ilivyosoma. Kikulabu chake kilipokatika niliupeleka kwa sonara mwingine, mzee asiyependa maneno mengi. Aliyachomoa mawe sita meupe yaliyopachikwa kwenye kidani, akayaweka juu ya kipande cha karatasi, kisha akaupima mkufu upya. Mizani ikasoma gramu 12.9. Maana yake ni kwamba nilikuwa nimelipia mawe ya bandia, gramu 1.7 nzima, kwa bei ya dhahabu, na risiti yangu haikutaja mawe hata kwa neno moja. Sikuwa nimenyang'anywa kitu, ila sikuuliza, na yule muuzaji hakuona sababu ya kumwambia mteja asiyeuliza.

Tangu siku hiyo nimenunua na kuwasindikiza wengine kununua mara nyingi, na haya yanayofuata ndiyo ninayomweleza ndugu au rafiki anayetaka kumpa mke, mume au mchumba wake kitu cha thamani.

Hatua ya kwanza: mtazame anayepewa kabla ya kutazama kabati la kioo

Kwa wiki mbili, bila kusema neno, tazama anavaa nini. Je, huvaa dhahabu ya njano au vitu vyeupe? Je, pete huivua akikanda unga na kuisahau kwenye beseni? Mwanamke anayejifunga mtandio kila siku atapata taabu na hereni ndefu zenye ncha, kwa kuwa hunasa kwenye kitambaa na kuvuta sikio. Vipuli vidogo vinavyokaa juu ya ndewe vitamfaa zaidi, na bangili itaonekana pale ambapo hereni zimefunikwa. Muuguzi anayevaa glavu siku nzima hawezi kuishi na pete yenye jiwe lililoinuka, maana makucha yanayolishika jiwe hutoboa glavu. Kwake kidani kinachoning'inia kwenye mkufu mfupi ni zawadi, ilhali pete ya namna hiyo itaishia kulala kabatini.

Ngozi nayo iangaliwe. Kuna watu ambao hereni za bei rahisi huwawasha na kuwatoa vipele, na mara nyingi chanzo ni nikeli iliyochanganywa kwenye madini. Kama mwenza wako ni mmoja wao, muulize muuzaji waziwazi kama dhahabu nyeupe anayokuonyesha ina nikeli, kwa sababu baadhi ya dhahabu nyeupe hutengenezwa kwa kuchanganywa nayo.

Anayemnunulia mume Mwislamu akumbuke kwamba kwa wanavyuoni walio wengi dhahabu ni haramu kwa mwanamume. Nimeona mke aliyejikusuru miezi minane akaleta pete nene ya karati 21, na mumewe, mtu wa msikitini, akabaki anaigeuzageuza mkononi asijue aseme nini. Pete ya fedha au saa ya chuma ingemfurahisha kwa fedha ndogo kuliko hiyo.

Kuhusu bajeti sina mengi. Panga kiasi kabla ya kuingia dukani, usikikope, na usichanganye zawadi na mahari, kwani mahari ni haki ya mke yenye taratibu zake.

Hatua ya pili: ielewe dhahabu kwa karati, chapa na mizani

Dhahabu safi huitwa karati 24. Kwa kuwa ni laini mno kwa matumizi ya kila siku, huchanganywa na shaba, fedha au madini mengine, na karati hueleza ni sehemu ngapi kati ya 24 zilizo dhahabu halisi. Chapa ndogo iliyogongwa ndani ya pete au kwenye kikulabu cha mkufu hueleza jambo hilohilo kwa sehemu za elfu: 916 ni karati 22, 875 ni karati 21, 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, na 375 ni karati 9. Vitu vinavyoletwa kutoka Dubai na Maskati mara nyingi huwa vya karati 21 au 22, na ndivyo ambavyo mama zetu wa pwani huviita dhahabu kweli, kwa rangi yake nzito ya njano. Vya karati 18 hupauka kidogo lakini ni vigumu zaidi, na huyashika mawe vizuri. Kwa bangili nzito isiyo na jiwe ningechagua 22 au 21. Kwa pete yenye jiwe ningechagua 18 bila kusita.

Chapa peke yake haitoshi, kwa kuwa anayeweza kugonga 750 kwenye dhahabu anaweza kuigonga kwenye shaba iliyopakwa maji ya dhahabu. Sumaku nayo husaidia nusu tu: kitu kikivutwa mwili mzima ujue si dhahabu, lakini shaba haivutwi, kwa hiyo kutovutwa hakuthibitishi chochote. Kipimo cha kuaminika ni cha sonara, anayekisugua kitu kwenye jiwe jeusi la kupimia na kudondoshea tindikali juu ya alama iliyobaki, au mwenye mashine ya kupima madini kwa mionzi. Muuzaji mwaminifu hakasiriki ukimwomba mwende pamoja kupima.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo moyo wa jambo hili. Bei ya dhahabu duniani hutangazwa kwa dola kwa aunsi, na aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1. Igawe bei ya siku hiyo kwa 31.1, izidishe kwa thamani ya dola kwa shilingi, nawe utakuwa na bei ya gramu moja ya dhahabu safi. Kwa wepesi wa mfano, tuseme imetoka shilingi 300,000. Gramu ya karati 18 ni robo tatu yake, yaani 225,000, na ya karati 22 ni 275,000. Mkufu wa gramu 12 wa karati 18 una dhahabu ya shilingi 2,700,000 ndani yake. Muuzaji akitaka 3,600,000, basi zile 900,000 ni ujira wa fundi, kodi na faida ya duka, na hapo ndipo mapatano yanapofanyika. Usimwombe apunguze bei ya dhahabu, kwani hana uwezo nayo. Mwombe apunguze ujira. Katika Soko la Dhahabu la Deira, Dubai, mazungumzo huwa ya namna hiyohiyo: bei ya gramu imeandikwa kwenye kibao na kila mtu anaijua, na kinachoshindaniwa ni ujira.

Fahamu pia kwamba siku utakapotaka kuuza, ujira huo haurudi. Mkufu mwembamba wenye nakshi nyingi unaweza kuwa na ujira mkubwa kuliko bangili nene isiyo na urembo, kwa hiyo anayetaka zawadi iwe pia akiba ya siku ya shida achague kilicho kizito na rahisi kufua.

Kabla hujalipa, omba mambo matatu yafanyike mbele ya macho yako: mizani irudi sifuri kabla ya kupima, kitu kipimwe kikiwa peke yake bila kijitiketi wala uzi, na uzito wa mawe utolewe kwenye uzito wa dhahabu. Hilo la tatu ndilo lililonigharimu mimi.

Neno moja kuhusu dhahabu nyeupe. Weupe wake unaong'aa kama kioo mara nyingi hutokana na utando wa rodi, madini meupe yanayong'aa, uliopakwa juu, na utando huo huchakaa baada ya mwaka mmoja au miwili, hasa kwenye pete, ukaanza kuonyesha unjano hafifu. Si udanganyifu, na sonara mwenye vifaa anaweza kuupaka upya, lakini mpokeaji aambiwe mapema asije akadhani amepewa kitu cha bandia.

Hatua ya tatu: jiwe, na kwetu tuanze na tanzanaiti

Neno karati lina maana ya pili inayowachanganya wengi. Kwenye jiwe, karati ni uzito, nayo ni sawa na gramu 0.2, kwa hiyo karati tano hufanya gramu moja. Ukisikia "pete ya karati mbili", uliza kama wanazungumzia jiwe au dhahabu.

Tanzanaiti huchimbwa mahali pamoja tu duniani kwa kiwango cha biashara, nako ni Mererani, wilayani Simanjiro katika Mkoa wa Manyara. Ilijulikana mwaka 1967, na Jumanne Ngoma ndiye aliyetambuliwa na Serikali kuwa mvumbuzi wake; jina la tanzanaiti lilienezwa na kampuni ya Tiffany & Co. ya New York mwaka 1968. Eneo la machimbo ni dogo kiasi kwamba mwaka 2018 lilizungushiwa ukuta wa takriban kilomita 24. Miaka miwili baadaye mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia Serikali mawe mawili, la kilo 9.27 na la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74, na tangu hapo kila dalali wa Arusha ana hadithi ya jiwe alilolikosa kwa siku moja.

Tanzanaiti huuzwa kwa rangi kwanza. Iliyokolea buluu yenye kumwekamweka zambarau ndiyo ya bei ya juu, na iliyopauka kama maji ya nili yaliyozimuliwa huwa ya bei ya chini, hata kama haina doa. Rangi nzito huonekana zaidi kwenye mawe makubwa, kwa hiyo jiwe la nusu karati linalodaiwa kuwa na buluu nzito kupita kiasi likutie shaka. Lishike kwa kibano, ulizungushe taratibu: upande mmoja litakuonyesha buluu, upande mwingine zambarau. Kioo cha rangi hakifanyi hivyo. Kisha omba ruhusa ulitoe mlangoni kwenye mwanga wa jua, kwa sababu taa za njano huivuta rangi kuelekea zambarau na mwanga wa mchana huirudisha kwenye buluu. Jiwe ulilolipenda chini ya taa linaweza kuwa jiwe jingine kabisa mtaani.

Usishtuke ukiambiwa kwamba jiwe limechomwa. Karibu tanzanaiti zote hutoka ardhini zikiwa na rangi ya kahawia, nazo hupashwa joto la zaidi ya nyuzi 400 za Selsiasi hadi kahawia itoweke, na rangi inayobaki hairudi nyuma. Cha kushtukia ni jiwe lililopakwa utando wa rangi juu yake. Litazame kwa kioo cha sonara kinachokuza mara kumi, hasa kwenye kingo za mikato, maana huko ndiko utando huanza kubanduka na kuacha mistari iliyopauka.

Udhaifu wa tanzanaiti ni ugumu wake. Katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, almasi ina 10, yakuti ina 9, na tanzanaiti iko kati ya 6 na 7. Vumbi la barabarani lina chembe za madini ya kwatzi yenye ugumu wa 7, kwa hiyo hata kulifuta jiwe kwa kitambaa kikavu chenye vumbi kunaweza kulikwaruza. Ndiyo sababu mimi hupendekeza tanzanaiti iwe kidani au hereni, na pete iwe ya siku za sherehe. Lioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini. Lisiingizwe kwenye mashine za kusafishia kwa mtetemo wala kwa mvuke, kwani linaweza kupasuka.

Almasi nayo ni ya nyumbani. Mwaka 1947, katika mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ilipatikana almasi ya waridi ya karati 54.5, na mwenye mgodi, John Williamson, akaitoa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Ilichongwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaitia katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Asiye na mgodi afuate cheti. Maabara inayoheshimika kama GIA hueleza uzito, rangi, usafi na mchongo wa almasi, na mara nyingi namba ya cheti huandikwa kwa leza kwenye ukingo wa jiwe, unakoweza kuisoma kwa kioo cha kukuza. Almasi zinazotengenezwa maabara ni almasi kweli kwa kemia yake, na jicho tupu haliwezi kuzitofautisha, lakini bei yake ni ndogo sana kuliko ya zile za mgodini. Sioni aibu kumpa mtu almasi hiyo, ilimradi muuzaji ameitaja na umelipa bei yake.

Hatua ya nne: kipimo

Pete nyingi za kushtukiza huharibikia hapa. Chukua pete anayoivaa kwenye kidole kilekile cha mkono uleule, upime upana wa ndani kwa rula yenye milimita, toka ukingo hadi ukingo ukipita katikati. Upana wa milimita 17.3 ni saizi 7 ya Marekani, na mzunguko wake ni kama milimita 54. Kama huwezi kuichukua, igandamize kwa nguvu kwenye kipande cha sabuni ya mche. Alama itakayobaki unaweza kuipeleka kwa sonara ikiwa imefungwa kwenye karatasi. Kumbuka kwamba vidole huvimba wakati wa joto na jioni, kwa hiyo kipimo cha asubuhi ya baridi Arusha kitambana mtu akishuka Tanga mwezi wa Februari. Ukishindwa kabisa, nunua kubwa kidogo, kwa kuwa kupunguza pete ni rahisi kuliko kuipanua, na mwambie sonara alitoe jiwe kabla ya kuwasha moto, la sivyo tanzanaiti itapasuka mezani kwake.

Hatua ya tano: kama umechagua saa

Saa za mkono ni za aina mbili kwa undani wake. Ya kwatzi huendeshwa na betri na kijiwe kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Huwa sahihi, hutaka betri kila baada ya miaka michache, na akrabu yake ya sekunde huruka hatua kwa hatua. Ya kimakanika huendeshwa na springi inayotiwa ufunguo kwa mkono au inayojikaza kwa mwendo wa mkono wa mvaaji, na akrabu yake huteleza. Iliyopata cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, huruhusiwa kupoteza hadi sekunde 4 au kuzidisha hadi sekunde 6 kwa siku, jambo linalowashangaza wanaodhani kwamba ghali maana yake ni sahihi. Anayeipenda mashine kwa ajili ya mashine atafurahia ya pili. Anayetaka kujua saa ngapi bila kuhangaika apewe ya kwanza, maana ya kimakanika huhitaji kufunguliwa na kutiwa mafuta na fundi takriban kila miaka mitano, na gharama hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko bei ya saa nyingi za kawaida. Uliza kabla ya kununua ni fundi gani katika nchi yako anayeweza kuifungua.

Kwa hali yetu ya hewa, mkanda wa ngozi huoza kwa jasho. Chuma au raba ndivyo vinavyodumu pwani. Maandishi ya mita 30 kwenye mgongo wa saa hayaruhusu kuogelea, kwani huonyesha kwamba inastahimili mvua na kunawa tu. Anayeogelea baharini apewe ya mita 100 au zaidi, na aisuuze kwa maji baridi akitoka. Kioo kiwe cha yakuti ya kutengenezwa, maana vioo vya kawaida hujaa mikwaruzo mapema. Pima pia upana: saa ya milimita 42 kwenye mkono mwembamba hukaa kama kifuniko cha sufuria.

Maneno "Swiss Made" yana sheria nyuma yake, na tangu mwaka 2017 sheria hiyo hutaka angalau asilimia 60 ya gharama za utengenezaji ziwe zimetumika Uswisi. Bandia huyaandika vilevile. Linganisha namba iliyochongwa kwenye saa na iliyo kwenye kadi ya dhamana, na zikitofautiana ondoka. Rolex mpya inayouzwa kwa laki mbili haihitaji mtaalamu wa kuichunguza.

Hatua ya sita: karatasi, kukabidhi na wiki ya kwanza

Risiti iandike uzito wa dhahabu pekee, karati yake, aina na uzito wa kila jiwe, na masharti ya kubadilisha saizi au kurudisha. Kwa Tanzania, iwe risiti ya mashine ya EFD, ile ya kodi. Anayevuka mpaka na vito asafiri na risiti hiyo mkononi, asiifungie kwenye begi la chini. Piga picha ya kitu hicho pande zote, pamoja na chapa yake, uzihifadhi mahali ambapo nyote wawili mtazipata.

Mpe mkiwa wawili. Zawadi ya namna hii mbele ya wakwe na majirani humlazimisha mpokeaji kufurahi hata kama pete haiingii. Ajaribu mbele yako, na ukiona anaisukuma kwa shida kwenye kifundo, sema wewe mwenyewe kwamba kesho mtairudisha irekebishwe. Baada ya wiki moja ya kuvaliwa, iguse kwa ukucha kwenye kila jiwe: lolote linalotikisika lirudishwe kwa sonara siku hiyohiyo, maana kukaza kucha moja ni kazi ya dakika tano, na jiwe lililodondoka sokoni halipatikani tena.